Tumbo Joto: Maumivu ya Tumbo na Wasiwasi Katika Siku za Kusubiri Vipimo vya Ini

Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu aliyeshikwa na hofu husemwa kuwa ana tumbo joto. Waliobuni usemi huo hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wamelichunguza vizuri tumbo la mtu anayengoja habari asiyoijua. Makala haya yanamhusu mtu wa namna hiyo: ameambiwa kwamba ini lake huenda lina ugonjwa, amechukuliwa damu, amepangiwa tarehe ya kurudi, na katika siku hizo za kungoja ameanza kuumwa tumbo. Hajui kama kinachomuuma ni ini, ni tumbo lenyewe au ni hofu. Anapomuuliza mhudumu wa afya, mara nyingi hupewa jibu fupi: "Usijali, subiri majibu."

Jibu hilo halitoshi. Siku za kusubiri ni sehemu ya tiba, nazo zinahitaji mpango unaoandikwa kwenye karatasi kama dawa inavyoandikwa. Mgonjwa aliyeachwa bila mpango hujitungia wake. Hununua dawa za maumivu zinazochubua tumbo, hunywa mizizi isiyojulikana kipimo chake, au huacha kabisa kurudi hospitalini. Kila moja kati ya hayo laweza kumdhuru hata kama ini lake bado ni zima.

Baada ya somo hili msomaji ataweza:
1. kutofautisha maumivu yanayotoka kwenye ini na yale yanayotoka tumboni au kwenye wasiwasi;
2. kueleza kila kipimo cha ini kinatafuta nini na kwa nini baadhi ya majibu huchelewa;
3. kuandaa mpango wa siku za kusubiri, pamoja na orodha ya dalili za hatari.

Mfano wa kufundishia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Haumhusu mtu yeyote mahususi. Baba mmoja wa miaka 41 anaishi Mikese, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, takribani kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro. Analima mahindi na ufuta. Ndugu yake alipohitaji damu, alijitolea kumchangia. Nchini Tanzania damu inayotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende kabla ya kutumiwa. Baba huyu aliitwa na kuambiwa kwamba kipimo cha HBsAg kimeonyesha virusi vya homa ya ini B. Akapewa rufaa kwenda Morogoro kwa vipimo zaidi, na baada ya kutoa damu akaambiwa arudi baada ya wiki tatu.

Kabla ya siku hiyo hakuwa na maumivu yoyote. Katika wiki ya kwanza alianza kuhisi moto kwenye chembe ya moyo, hasa usiku. Gesi ilimjaa, hamu ya kula ikapungua, na saa nane za usiku alikuwa macho. Kila asubuhi alijibonyeza chini ya mbavu za kulia akitafuta uvimbe. Jirani alimsimulia habari za mtu aliyejaa maji tumboni akafa. Wiki ya pili alikuwa akimeza diklofenaki kutoka duka la dawa na kunywa mizizi iliyochemshwa, yote kwa siri. Mkewe hakujua lolote.

Ini linavyouma na lisivyouma

Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya fahamu ya maumivu. Mishipa hiyo iko kwenye utando mwembamba unaolifunika. Kwa hiyo ini huuma pale linapovimba kiasi cha kuuvuta utando huo, au pale jipu au uvimbe unapoufikia. Maumivu hayo huwa upande wa kulia, chini ya mbavu, na huelezwa kama uzito au mvuto usioondoka. Wakati mwingine hufika hadi kwenye bega la kulia.

Watu wengi wenye homa ya ini B ya muda mrefu hawasikii maumivu yoyote kwa miaka mingi. Jambo hili lina pande mbili. Kutokuumwa hakuthibitishi kwamba ini ni zima, na ndiyo maana vipimo vinahitajika. Vilevile, moto kwenye chembe ya moyo ulioanza wiki ileile mtu alipopewa habari haupaswi kuhesabiwa moja kwa moja kuwa ni ini linaloharibika. Chanzo chake kwa kawaida kiko karibu zaidi: asidi ya tumbo, vidonda vya tumbo, dawa alizomeza, au wasiwasi.

Wasiwasi unavyofanya kazi tumboni

Ubongo na tumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na ukuta wa utumbo wenyewe una mtandao wake wa mamilioni ya chembe za fahamu. Mtu anapohisi hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, damu hupelekwa kwenye misuli, tumbo huchelewa kusukuma chakula, na utumbo mpana huweza kuharakisha kazi yake. Matokeo yake ni kichefuchefu, gesi, msokoto na kuharisha. Zaidi ya hayo, ubongo wenye hofu huongeza sauti ya kila taarifa inayotoka tumboni, na mjongeo wa kawaida wa utumbo, ambao jana haukuhisiwa, leo huhisiwa kama maumivu.

Kisha mzunguko hujifunga. Maumivu huongeza hofu, hofu huongeza maumivu, na mgonjwa anayejibonyeza kila asubuhi huishia kuumwa pale anapobonyeza. Maumivu haya ni ya kweli. Mhudumu anayemwambia mgonjwa kwamba "anajiwazia tu" amekosea kitabibu, na pia amefunga mlango wa mazungumzo.

Maswali matano ya kutenganisha

Mhudumu wa zahanati, bila mashine yoyote, anaweza kupata mwanga mkubwa kwa maswali haya:

1. Panauma wapi? Mwambie mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja. Chembe ya moyo huelekeza kwenye tumbo. Chini ya mbavu za kulia huelekeza kwenye ini au mfuko wa nyongo. Maumivu yanayohamahama huelekeza zaidi kwenye utumbo na wasiwasi.
2. Yalianza lini? Kabla ya habari ya ugonjwa, au baada yake?
3. Chakula hubadili nini? Maumivu yanayotulia au kuzidi kwa chakula huhusiana mara nyingi na asidi na vidonda vya tumbo. Yanayokuja baada ya mlo wenye mafuta mengi yanaweza kutoka kwenye mfuko wa nyongo.
4. Umemeza nini? Taja kwa majina: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, miti shamba, gongo. Uliza bila kulaumu, la sivyo hutajibiwa.
5. Unapoamka usiku, unawaza nini? Swali hili hupimwa kwa uzito uleule wa manne yaliyotangulia.

Ikiwa kuna shaka ya vidonda vya tumbo na mgonjwa atapimwa choo kutafuta bakteria wa vidonda hivyo, omeprazoli isitumike kwa wiki mbili kabla ya kipimo, na antibiotiki kwa wiki nne, kwa sababu huweza kuficha bakteria na kutoa jibu la uongo. Katika muda huo vidonge vya magnesiamu vya kutuliza asidi hutosha kwa wengi.

Vipimo vinatafuta nini, na kwa nini vinachelewa

Hofu hukua mahali pasipo na maelezo. Mgonjwa aelezwe kila kipimo kwa sentensi moja au mbili.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye chembe za ini zilizojeruhiwa. Vikipanda, kuna jeraha linaloendelea, ingawa havisemi ni kubwa kiasi gani. Pombe na baadhi ya dawa na mizizi huvipandisha pia, na hiyo ni sababu nyingine ya kuacha vitu hivyo kabla ya kupimwa.

Bilirubini huonyesha kama ini linaondoa rangi ya njano mwilini. Albumini na INR huonyesha kama ini bado linatengeneza protini na vigandisha damu. Hivi ndivyo vipimo vya nguvu ya ini yenyewe.

Chembe sahani za damu hupungua pale makovu ya ini yanapozuia damu kupita na bandama ikavimba. Zikiunganishwa na AST hutoa hesabu rahisi iitwayo APRI: gawanya AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara, gawanya tena kwa idadi ya chembe sahani (kwa maelfu), kisha zidisha kwa 100. Kwa mfano, AST ikiwa 32, kiwango cha juu 40 na chembe sahani 220, jibu ni 0.36. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 huchukulia kwamba kwa mtu mzima mwenye homa ya ini B, jibu linalozidi 0.5 linaashiria makovu ya kuzingatiwa, na linalozidi 1 linaashiria ini lililosinyaa kwa makovu. Jibu hili husomwa pamoja na hali ya mgonjwa.

Picha ya ultrasaundi huonyesha umbo la ini, uvimbe, na maji tumboni. Mgonjwa hufunga kula kwa saa sita hadi nane ili mfuko wa nyongo ujae na uonekane; maji anaweza kunywa. Kwa anayetoka Mikese alfajiri huku tumbo likiwaka, kufunga hadi adhuhuri ni mateso. Mhudumu anayempa rufaa amwombee nafasi ya mapema.

Kipimo cha wingi wa virusi huhitaji mashine ambazo hazipo katika kila hospitali, kwa hiyo sampuli husafirishwa. Hapo ndipo wiki hupotea.

Kuna kusubiri kwingine kunakotokana na ugonjwa wenyewe. Homa ya ini B huitwa ya muda mrefu pale HBsAg inapoendelea kuonekana kwa zaidi ya miezi sita. Miongoni mwa watu wazima wanaoambukizwa, takribani 95 kati ya 100 huviondoa virusi bila dawa. Miongoni mwa watoto wachanga, takribani 90 kati ya 100 hubaki navyo. Kwa hiyo daktari anaposema "tutarudia baada ya miezi sita", muda huo ndio kipimo. Mgonjwa aliyeelewa hivyo hataona kwamba amesahauliwa.

Mfano wa mazungumzo

Muuguzi: Shikamoo baba.
Mgonjwa: Marahaba dada. Dada, ini langu linaoza. Usiku nalisikia linawaka.
Muuguzi: Pole sana baba. Hebu nionyeshe kwa kidole kimoja panapowaka.
Mgonjwa: Hapa. Hapa kwenye chembe.
Muuguzi: Hapo ni tumbo, baba. Ini liko huku kulia, chini ya mbavu. Maumivu yako ni ya kweli na tutayatibu leo. Umetumia dawa gani tangu yaanze?
Mgonjwa: Zile za maumivu za dukani. Na mizizi kidogo.
Muuguzi: Ahsante kwa kuniambia. Hizo zote tuziache kwanza. Zile za dukani ndizo zinazoweza kuchubua tumbo. Na usiku ukiamka, unawaza nini?
Mgonjwa: Nawaza watoto. Nani atawasomesha?
Muuguzi: Hilo ni zito kulibeba peke yako. Nyumbani nani anajua?
Mgonjwa: Hakuna. Hata mama watoto hajui.

Muuguzi huyu hajatoa ahadi yoyote kuhusu majibu, kwa maana hayajui. Amepokea maumivu, ameyaweka mahali pake mwilini, ameuliza dawa bila kukemea, na amefika kwenye hofu yenyewe. Dakika hizo chache zimemwonyesha kile ambacho vipimo vya damu visingeonyesha: mgonjwa ana siri, na siri ndiyo inayomwamsha usiku.

Mpango wa siku za kusubiri

Mgonjwa aondoke na karatasi yenye mambo yafuatayo.

Tarehe na mahali. Aandikiwe ni kipimo gani kinasubiriwa, atarudi siku gani, chumba gani, na nini kitafanyika ikiwa majibu hayatakuwa tayari.

Dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini aziache. Parasetamoli inafaa kwa kipimo kisichozidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, vikiachana kwa saa sita. Ikiwa maumivu yanahitaji zaidi ya hapo, arudi kuonwa.

Pombe na miti shamba. Vyote viachwe hadi majibu yatoke. Hata mzizi usio na sumu utawachanganya madaktari ikiwa vimeng'enya vitapanda.

Chakula. Milo midogo mara nne au tano kwa siku humtuliza mwenye asidi kuliko milo miwili mizito. Asilale kabla ya saa mbili au tatu kupita baada ya kula. Hana haja ya kuacha nyama, mayai au maharage; ini linahitaji protini.

Pumzi. Mara mbili kwa siku, na kila anapoamka usiku, akae wima, avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo na kuulegeza utumbo.

Saa ya kuwaza. Atenge nusu saa ya mchana, aandike au aeleze maswali yake yote kuhusu ugonjwa. Wasiwasi ukija nje ya saa hiyo, auambie utasubiri zamu yake. Maswali yaliyoandikwa aje nayo kwa daktari. Kujibonyeza tumbo kuachwe kabisa.

Kazi ya mikono. Hofu hupungua mikono inapofanya jambo lenye faida. Mkulima wa mahindi anayo kazi inayolihusu ini moja kwa moja: kuchambua mahindi yenye kuvu, kuyakausha vizuri juu ya turubai na kuyahifadhi yakiwa makavu. Sumukuvu huliharibu ini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu 20 kati ya 68 walioathirika katika mikoa ya kati ya Tanzania, na kwa mwenye homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Mtu wa kuzungumza naye. Huyu si lazima awe mtaalamu wa afya ya akili. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye msongo wa mawazo na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kujifunza kufanya kazi kama hiyo.

Familia na ukoo wa mama

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata hivyo mgonjwa hafichi kwa ujinga, anaogopa kutengwa. Aelezwe wazi kwamba homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hasa wakati wa kuzaliwa. Haiambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kikombe, kwa kupeana mikono wala kwa kukumbatiana. Wembe na mswaki visichangiwe.

Miongoni mwa Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti katika mambo mazito. Utaratibu huo unaweza kuwa msaada mkubwa wa kitabibu. Kwa kuwa wengi wenye virusi vya muda mrefu waliambukizwa utotoni, ndugu wa tumbo moja ndio wa kwanza kupimwa, pamoja na mke na watoto. Mjomba aliyeelimishwa anaweza kuwaita ndugu wote kwa siku moja, jambo ambalo barua ya hospitali haiwezi. Watu wazima wasio na virusi wapewe chanjo dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Watoto waliozaliwa tangu chanjo hii ilipoingizwa katika ratiba ya taifa mwaka 2002 wengi wao wana kinga, lakini kadi zao zikaguliwe.

Mgonjwa ajue pia kwamba hayuko peke yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B mwaka 2022. Baadhi yao huhitaji kufuatiliwa tu. Wanaohitaji dawa hutumia tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ambacho huvidhibiti virusi na kupunguza hatari ya makovu na saratani. Kipimo cha VVU kifanyike kabla ya kukianza, kwa sababu mwenye VVU hapaswi kupewa dawa hiyo peke yake.

Dalili zisizosubiri tarehe

Mgonjwa na mtu mmoja wa nyumbani wazijue dalili hizi. Ikionekana hata moja, aende hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana:

- kutapika damu, au choo cheusi kinachong'aa kama lami;
- macho kuwa ya njano;
- kuchanganyikiwa, kusinzia mchana kusiko kwa kawaida, au mikono kupepesuka;
- tumbo kujaa haraka, hasa likiwa na homa au maumivu;
- maumivu makali yasiyotulia, au tumbo gumu lisilogusika;
- mawazo ya kujiua.

Kuhusu hili la mwisho, mhudumu aulize kwa maneno ya wazi: "Umewahi kuwaza kuyakatisha maisha yako?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kulisema. Aidha, mgonjwa ambaye kwa wiki mbili mfululizo halali, hali au hawezi kufanya kazi zake apewe rufaa ya afya ya akili bila kungoja majibu ya ini.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa mwenye HBsAg ana moto kwenye chembe ya moyo ulioanza siku tatu baada ya kupewa majibu. Utamuuliza nini kabla ya kumwandikia dawa?
2. AST ni 90, kiwango cha juu cha maabara ni 40, na chembe sahani ni 150. Kokotoa APRI, kisha eleza kwa nini mgonjwa huyu asipangiwe tarehe ya mbali.
3. Katika kituo chako, mgonjwa anayesubiri vipimo vya ini huondoka na karatasi gani mkononi? Andika karatasi hiyo leo kwa kurasa moja, kwa lugha ambayo mke wake na mjomba wake wataielewa.